Raba: Safari ya Kiatu cha Mpira wa Vikapu hadi Voi, na Neno Lililokibeba

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili huyapita kila siku bila kuyatupia jicho ni neno raba. Katika soko la Voi hutajwa kutwa kucha. Wauzaji hulinadi, wanunuzi hulipigia bei. Darasani, hata hivyo, neno hilohilo huandamwa na kalamu nyekundu. Mwanafunzi wa shule ya msingi aandikapo kwamba alifuta kosa lake kwa raba, mwalimu hukata neno na kuandika juu yake "ufutio" au "kifutio". Aandikapo katika insha kwamba alivaa raba akaenda uwanjani, mwalimu hubaki njia panda, kwa maana hana neno la kuliweka mahali pake. Ataandika "viatu vya mpira", nayo maana itakuwa imeponyoka, kwani viatu vya mpira ni pamoja na ndara za bafuni na buti za mvua, na hakuna mtu wa Voi aziitaye hizo raba.

Makala haya yananuia kueleza historia ya raba moja mahususi, yaani Converse All Star, kiatu cha turubai na soli ya mpira kilichobuniwa kwa ajili ya mpira wa vikapu, ambacho umbo lake limeigwa na viwanda vingi kuliko pengine kiatu kingine chochote cha karne ya 20. Aidha, makala yataonyesha namna kiatu hicho na ndugu zake walivyofika katika eneo la Taita Taveta, na kwa nini jina walilopewa huku kwetu lastahili heshima zaidi ya ile linayopewa. Msomaji atavumilia kidogo, kwa kuwa safari hii haianzii uwanjani. Inaanzia msituni, kisha inapitia katika njia za misafara.

Kiatu kabla ya raba

Ipo dhana iliyozoeleka kwamba kiatu ni kitu tulicholetewa. Lugha yenyewe yaikanusha. Neno kiatu si la mkopo. Ni la Kibantu tangu asili. Linganisha na Kigikuyu, ambapo kiatu huitwa kiratu na viatu iratu. Sauti iliyobaki katika lugha hiyo imedondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika njaa, neno ambalo lugha nyingi jirani bado hulitamka njala au ndzala. Kwa hiyo wazee wa wazee wetu walikuwa na kitu cha kuvaa miguuni, wakakipa jina, kabla ya jahazi la kwanza la mgeni kutia nanga.

Walichokuja nacho wageni ni aina za viatu, na kila aina ilikuja na jina lake. Wareno walituachia sapatu. Wahindi walituachia champali. Mwingereza alileta buti na soksi. Pwani kulikuwa na makubadhi ya ngozi na mitalawanda ya mbao. Mtu angeweza kuandika historia nzima ya Bahari ya Hindi kwa kupanga viatu hivi mlangoni mwa nyumba moja ya Mombasa.

Lakini kuwa na neno si kuwa na kitu. Kwa watu wengi wa bara, na hata wa pwani, mguu mtupu ndio uliokuwa hali ya kawaida hadi katikati ya karne iliyopita. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, eneo hili la Taveta lilikuwa uwanja wa mapambano. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, na mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yalipigana nao katika vilima vya Salaita, Latema na Reata. Askari wengi wa Kiafrika wa KAR walipigana katika vita hivyo bila viatu, na wapagazi waliowabebea mizigo ndio kabisa. Anayetaka kujua maana ya jambo hilo na atembee saa sita mchana katika mbuga iliyoko kati ya Voi na Taveta, penye miiba ya migunga na udongo mwekundu uliopashwa na jua.

Baadaye magurudumu ya mpira yalipoenea, mafundi walivumbua akala. Gurudumu lililochakaa lilikatwa, likapimwa kwa mguu, likatiwa kanda nne au tano, na kiatu kikawa tayari. Jirani zetu wa Tanzania wakakiita katambuga. Voi ikiwa juu ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na malori yakipasua magurudumu yao usiku na mchana kati ya Mtito Andei na Maungu, haikukosa malighafi. Akala ilikuwa kiatu cha mchungaji na cha mkulima. Ilidumu miaka mingi kuliko gari lililoizaa. Ila haikuwa kiatu cha kuruka nacho.

Mpira kabla ya raba

Sasa tugeukie kitu chenyewe kiitwacho mpira. Katika Kiswahili neno hili lina maana kadhaa, na maana iliyo kongwe ndiyo iliyosahaulika. Mpira ni mmea. Ni mtambaa wa msituni unaotoa utomvu mweupe ambao, ukikauka, huwa mpira. Wanabotania huuweka katika jenasi ya Landolphia, na mojawapo ya spishi zake iliitwa Landolphia kirkii kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza katika Zanzibar na mtaalamu wa mimea. Katika miaka ya 1870 na 1880 utomvu huo ulikuwa bidhaa kubwa ya mwambao, hasa kutoka bara ya Kilwa. Waliokwenda kuugema walikuwa watu wa lugha hii, na kwa lugha hii waliuuza. Kutoka mmea, jina likahamia kwenye kitu. Kutoka kwenye kitu, likahamia kwenye tufe linalotengenezwa kwa kitu hicho. Na kutoka kwenye tufe, likahamia kwenye mchezo. Leo mtoto asemapo "twende mpira" hajui kwamba ametaja mtambaa.

Haifai kuipita historia hii haraka, kwa sababu si yote yenye kupendeza. Baiskeli na magari yalipoufanya ulimwengu uwe na njaa ya mpira, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliigeuza Kongo, aliyoimiliki kana kwamba ni shamba lake binafsi, kuwa kambi ya kugema. Vijiji vilivyoshindwa kutimiza kiasi vilichomwa, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Ripoti ya Roger Casement iliyochapishwa mwaka 1904 iliyaweka mambo hayo hadharani, na mnamo Novemba 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Mwaka huohuo wa 1908, katika mji wa Malden, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, bwana mmoja jina lake Marquis Mills Converse alifungua kampuni ya viatu vya mpira. Sidai kwamba soli zake zilitokana na utomvu wa Kongo. Nasema tu kwamba biashara ya mpira aliyoingia ilikuwa na uso huo upande wa pili, na kwamba historia nyingi za kiatu hiki huanza Malden kana kwamba mpira huota dukani.

Karibu na kwetu zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Taveta, Wajerumani walipanda mipira ya asili ya Brazili katika Usambara. Mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu ya mpira mwingi na wa bei nafuu kutoka mashamba ya Asia, na mashamba mengi ya Usambara yakafa. Katani ndiyo iliyobaki kuwa mfalme wa nchi kavu, huko na huku. Mashamba ya katani ya Voi na Mwatate yaliwavuta wafanyakazi kutoka pembe zote za Kenya, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili. Tutaona kwamba jambo hili lina uzito wake tutakapolirudia neno raba.

Massachusetts mara nne

Jimbo la Massachusetts lina mkono wa ajabu katika habari hii. Mwaka 1839, katika mji wa Woburn, Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huacha tabia yake ya kuyeyuka wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Bila ugunduzi huo hakuna soli, hakuna gurudumu, wala akala. Mnamo Desemba 1891, katika mji wa Springfield, mwalimu James Naismith alitafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali. Alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye roshani, kimoja kila upande, akatunga kanuni 13. (Hapa nadokeza kwamba sisi Wakenya tusemao mpira wa vikapu tuna ushahidi wa historia upande wetu, kwani vikapu vilikuwa viwili, wenzetu wa Tanzania wasemao mpira wa kikapu watajitetea kwamba timu hufunga katika kimoja tu. Mjadala huo tuwaachie wao na sisi siku nyingine.) Naye Converse akaanzia Malden.

La nne ni la zamani zaidi, nalo latuhusu moja kwa moja. Tangu miaka ya 1820 merikebu kutoka bandari ya Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija Zanzibar. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika kisiwani. Merikebu hizo zilichukua pembe za ndovu na sandarusi, zikaleta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya jimbo lao kwa pamba iliyolimwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini. Watu wa pwani walikiita marekani. Kitambaa hicho kilivuka nyika hadi Taita na Taveta vichwani mwa wapagazi. Taveta ilikuwa kituo cha kupumzikia cha misafara iliyoelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 ilimbidi akae na kuzitunga upya shanga zake kulingana na mitindo ya huko aendako, na miongoni mwa bidhaa za misafara kama yake marekani haikukosekana.

Kilichofuata ndicho kiini cha hoja yangu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikata pamba. Uingereza na Bombay zikaingia sokoni na vitambaa vyao. Hata hivyo jina halikubadilika. Kitambaa kilichofumwa Bombay kikaendelea kuitwa marekani, kwa sababu mnunuzi hakununua nchi, alinunua aina. Jina lilikuwa limekwisha kung'oka mahali pake na kuwa mali ya wanunuzi.

Mtu aliyeuza jina lake

Mwaka 1917 kampuni ya Converse ilitoa kiatu kilichoitwa All Star. Kilikuwa cha turubai, kirefu hadi kufunika kifundo cha mguu, chenye soli bapa ya mpira na ncha ya mpira mbele ya vidole. Kilikuwa na matundu mawili ya hewa upande wa ndani, na kiraka cha duara chenye nyota juu ya kifundo. Hakikuwa na maajabu. Uzuri wake ni kwamba kilishika sakafu, na mchezaji wa mpira wa vikapu huishi kwa kusimama ghafla na kugeuka ghafla.

Aliyekisambaza ni Charles Taylor, aliyejulikana kama Chuck, mzaliwa wa jimbo la Indiana mwaka 1901, ambaye alijiunga na kampuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hakuwa mchezaji mashuhuri wa kutajwa na wengi. Alikuwa mwuzaji. Alizunguka Marekani kwa gari lake mwaka baada ya mwaka, akiingia mji huu na kutoka mji ule, akifundisha mchezo shuleni bila malipo, na baada ya mafunzo akimwelekeza mkufunzi wa shule kwenye duka la viatu. Katika miaka ya 1930 sahihi yake ikawekwa kwenye kile kiraka chenye nyota. Hivyo ndivyo jina la mchuuzi lilivyotembea juu ya miguu ya watu wasiojua kama alikuwa mtu au alama. Alifariki mwaka 1969.

Mpira wa vikapu ulipoingia rasmi katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin mwaka 1936, timu ya Marekani ilivaa All Star. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani walikitumia katika mazoezi. Wilt Chamberlain alipofunga alama 100 katika mchezo mmoja tarehe 2 Machi 1962, rekodi ambayo haijavunjwa katika ligi ya NBA, alikuwa amevaa Converse. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 wapinzani walileta viatu vya ngozi vyenye soli zinazopokea mshindo. Adidas Superstar ilitoka mwaka 1969. Nike Air Force 1 mwaka 1982. Air Jordan mwaka 1985. Wachezaji wa kulipwa wakakihama kiatu cha turubai. Nacho hakikufa; kilihama pia. Kilitoka uwanjani kikaingia mtaani, kikavaliwa na wapiga gitaa, wachoraji, wanafunzi na watu wasiopata kugusa mpira wa vikapu maishani. Mwaka 2001 kampuni ilifilisika, viwanda vyake vya Marekani vikafungwa na uundaji ukahamia Asia. Mwaka 2003 Nike ikainunua. Kiatu cha Malden hakitengenezwi tena Malden, sawa na marekani ambayo haikufumwa Marekani.

Lipo jambo moja dogo linalonifurahisha. Chini ya soli za All Star nyingi zilizouzwa Marekani kulikuwa na utando mwembamba wa nyuzinyuzi ambao hupotea baada ya siku chache za kutembea. Inaelezwa kwamba utando huo hauna kazi yoyote mguuni; kazi yake iko forodhani. Kiatu chenye soli iliyofunikwa kitambaa kilihesabiwa kuwa kiatu cha kuvaliwa ndani ya nyumba, na ushuru wake ukawa mdogo. Kumbe hata wenye viwanda vikubwa humkwepa mtoza ushuru kwa mbinu zisizopishana sana na zile za mchuuzi wa mpakani Taveta.

Kuingia Kenya

All Star yenyewe haikuwa kiatu cha kwanza cha aina yake kuingia Kenya kwa wingi. Waliotangulia walikuwa wa Bata. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín, katika nchi iliyokuja kuwa Cheki, na ukoo uliobeba jina hilo. Ikajenga kiwanda Limuru tangu enzi za ukoloni. Bahati njema au mbaya, jina la ukoo huo likiandikwa bila alama zake hugeuka kuwa jina la ndege katika Kiswahili. Hakuna mwanafunzi wa shule ya msingi ambaye hakupata kutaniana na mwenzake kuhusu bata wa kufugwa na Bata wa kuvaliwa.

Mwaka 1936 tawi la Bata nchini India lilianza kuunda kiatu chepesi cha turubai na mpira kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Kiatu cha jinsi hiyo, cheupe au cheusi, kikaenea katika makoloni na kuwa ndicho kiatu cha somo la mazoezi ya viungo. Hiki ndicho ambacho kizazi cha wazazi wetu kilikijua kwa jina la raba. Kiligharimu kidogo kuliko cha ngozi, kilifuliwa kwa sabuni na kuanikwa, na kikitoboka kwenye kidole gumba kilivaliwa vivyo hivyo hadi mwisho wa muhula. Katika shule nyingi kanuni zilitaka kiatu cheusi cha ngozi darasani na raba uwanjani. Mtoto aliyekuwa na raba peke yake alizivaa kotekote na kuadhibiwa. Mtoto asiyekuwa na chochote aliadhibiwa kwa namna nyingine. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo Januari 2003, karo iliondolewa, lakini sare na viatu vilibaki mzigo wa mzazi. Katika vijiji vya juu, Wundanyi na kwingineko ambako asubuhi za Julai huwa na ukungu na baridi, mzigo huo si wa kuchezewa.

Kwa upande wa mchezo wenyewe, miaka ya 1990 ilikuwa ya neema. Timu ya Marekani iliyoshiriki Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 iliwafanya vijana wa dunia nzima wamjue Michael Jordan. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa mashindano ya Bara la Afrika, na timu ya wanaume ya Kenya ikamaliza katika nafasi ya nne. Uwanja wa mpira wa vikapu hauhitaji ardhi kubwa kama ule wa kandanda. Nguzo mbili, ubao na pete hutosha. Soli bapa iliyowashinda wachezaji wa kulipwa wa Marekani haikuwa na taabu katika udongo uliosakafiwa kwa jembe na fagio.

Na miaka hiyohiyo mitumba ikafunguliwa milango. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota ya nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani yalimiminika kupitia bandari ya Mombasa. Kutoka soko la Kongowea hadi Voi ni mwendo wa takriban kilomita 150. Hapo ndipo All Star halisi, yenye nyota na sahihi ya Chuck Taylor, ilipoanza kupatikana na kijana wa kawaida. Iliuzwa juu ya turubai lililotandikwa chini, ikiwa imeoshwa kwa sabuni ya unga na kujazwa magazeti ili isimame. Mnunuzi hodari huigeuza kwanza, akatazama kisigino kimeliwa upande gani. Huinusa. Halafu hutazama kiraka: kama kimeshonwa au kimebandikwa, na kama kiko upande wa ndani wa mguu, maana waigaji wengine hukosea hata hapo.

Biashara hii ina msamiati wake, nao watu wa isimujamii wangepaswa kuukusanya kwa bidii. Robota likifunguliwa, vilivyo bora huchaguliwa kwanza na kuitwa kamera. Vilivyobaki mwishoni, vya kuuzwa kwa bei ya kutupa, huitwa fagia. Kati ya kamera na fagia kuna daraja kadhaa, na daraja hizo hazihusu viatu peke yake. Zamweka pia mnunuzi mahali pake. Kijana avaaye kamera na yule avaaye fagia huenda walinunua kiatu kilekile kilichotoka robota moja.

Si wote waliofurahia. Wenye viwanda na mafundi wa viatu walilalamika, na mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi ikome mwaka 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyozipa bidhaa za nchi hizi. Kenya, yenye viwanda vya nguo vinavyouza Marekani, ilijiondoa katika mpango huo mwaka 2017. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Kenya yenyewe ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa, kisha ikauruhusu tena mwezi Agosti. Mtu anaweza kuunga mkono upande wowote katika suala hili kwa hoja nzuri. Mimi huona ugumu kumwambia mama anayelisha watoto kwa robota moja kwa mwezi kwamba aiache ili kiwanda kisichojengwa bado kipate soko; huona ugumu vilevile kumweleza fundi wa akala kwamba ustadi wake hauna kesho.

Neno lenyewe

Turudi kwa raba. Neno limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako ni jina la mpira kama malighafi. Katika Kiswahili limeingia ngeli ya I-ZI na kubeba maana mbili kuu: kifutio na kiatu. Maana zote mbili zilipatikana kwa njia moja, yaani jina la malighafi kupewa kifaa. Lakini maana ya kiatu ilipitia hatua ya ziada. Bila shaka palikuwa na "viatu vya raba", kisha "viatu vya" ikadondoka. Halafu maana ikajibana: si kila kiatu chenye mpira ni raba, bali kile cha kufunga kamba, chenye soli ya mpira, cha michezo au matembezi. Leo kiatu cha michezo cha ngozi tupu au cha plastiki huitwa raba bila mtu kustuka. Maana imeiacha malighafi nyuma kabisa.

Swali ambalo mwanafunzi atauliza ni hili: kwa nini tulikopa ilhali mpira tulikuwa nao? Jibu langu ni kwamba mpira lilikuwa neno lililojaa. Lilikuwa tayari mmea, utomvu, tufe, mchezo na bomba la kumwagilia maji. Kumpelekea mtu dukani aulize "mpira wa kuvaa" kungeleta kicheko, na wakubwa wanajua kwa nini. Raba lilikuja tupu, likajazwa tulichotaka. Tena lilienea mahali ambapo watu wa lugha nyingi walihitaji neno moja fupi: shuleni, sokoni, katika makambi ya katani. Wakopaji wa neno hili hawakuwa wavivu wa lugha.

Kiingereza chenyewe kina neno snika, ambalo vijana wa mijini hulipendelea sasa. Asili yake ni kitenzi cha kunyemelea, kwa sababu soli ya mpira haitoi sauti. Tungetaka kuchuana nao tungesema "vinyemeleo", na neno lingekuwa zuri, lakini hakuna aliyeliomba. Vijana wa Sheng husema ndula kwa kiatu chochote. Raba imebaki katikati. Bibi huielewa, mjukuu huielewa, na mwuzaji wa Taveta siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, huitumia kwa mteja aliyevuka kutoka Holili bila kuhitaji kufasiri.

Huko ng'ambo ya mpaka neno lilipata nyongeza inayofaa kutajwa. Vijana wa Tanzania walikuwa wakiita Ulaya na nchi za mbali "mtoni", pale ambapo Mkenya husema majuu, na raba bora iliyotoka huko ikaitwa raba mtoni. Mto Voi hushuka kutoka milima ya Taita, na kwa sehemu kubwa ya mwaka, ufikapo mjini, ni mchanga mtupu. Mnunuzi wa Voi akiambiwa na mchuuzi wa Himo kwamba raba hizi ni za mtoni, ana haki ya kuzigeuza na kukagua soli kama zina mchanga.